Bustani ya kinamasi na airisi zake: tazama maji kabla ya rangi

Ukiingia katika kitalu cha maua nchini Uingereza mwezi Mei, utakuta airisi zimepangwa kwenye vyungu, kila chungu na kibandiko chake, na karibu vibandiko vyote vinasema jambo moja: ua hili linapenda unyevu. Mnunuzi huchagua nne kwa rangi zilizomvutia, akazipanda pamoja kwenye ile kona ya bustani inayotuama maji. Mwaka wa pili unapofika, mbili zimeoza, ya tatu imedumaa na majani yake yamegeuka manjano, na ya nne imetanda kiasi cha kufunika mahali pa wenzake. Kibandiko hakikudanganya. Zote zinapenda unyevu, ila moja inautaka kiangazi tu, nyingine inataka maji yanayopita wala si yanayolala, ya tatu haivumilii chokaa iliyomo kwenye maji ya bomba, na hiyo iliyotanda ingestawi hata mtaroni.

Kwa hiyo anayetaka bustani ya kinamasi na aanze na maji: anayo mengi kiasi gani, yapo miezi gani, na yanatoka wapi. Akishayajua hayo, orodha ndefu ya airisi inajichuja yenyewe.

Kinamasi kisichoozesha mizizi

Mizizi hupumua. Katika udongo wa kawaida, nafasi zilizo kati ya chembe zina hewa, na mizizi hupata oksijeni humo. Maji yakizijaza nafasi hizo, hewa hutoka. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko hewani, hivyo bakteria wa udongoni huimaliza iliyobaki kabla nyingine haijafika. Baada ya hapo wanatamalaki bakteria wa aina nyingine, wasioihitaji, na baadhi yao hutoa gesi ya haidrojeni salfaidi. Chota tope la mahali palipotuama maji kwa miezi, lipasue kwa vidole, kisha linuse. Likiwa la kijivu linaloelekea buluu na lina harufu ya yai viza, jua kwamba mimea mingi ya bustani haitaishi hapo.

Mimea ya majimaji ina njia yake ya kuvumilia hali hiyo. Ndani ya majani, mashina na mizizi yake kuna mifereji ya hewa inayoshusha oksijeni kutoka juu hadi kwenye ncha za mizizi. Kata jani nene la airisi ya njano ya mtoni karibu na kitako chake, utaviona vijumba hivyo vya hewa kwa macho matupu, vimejipanga safu kwa safu. Airisi ya ndevu, Iris germanica na jamaa zake, ambayo wengi wanaijua kutokana na picha za bustani za Ulaya, haikuumbwa kwa maisha hayo. Rizomu yake, yaani shina nene linalotambaa chini mfano wa tangawizi, hutaka kukaa juu juu ya ardhi ikiota jua. Mchoraji Cedric Morris alizalisha airisi za ndevu za sifa kubwa huko Suffolk, Uingereza, nyingi zikibeba jina la Benton, na hata moja kati ya hizo haifai kuletwa kwenye tope.

Bustani ya kinamasi inakaa katikati, kati ya ukavu na tope lililokufa. Udongo wake umelowa muda wote, lakini maji hayalali: yanaingia, yanakaa kidogo, yanapenya taratibu chini, mengine yanaingia. Isichanganywe na vile vinamasi vya asili vya piti, yaani udongo mweusi wa mimea ya kale isiyooza ikaisha, vyenye asidi kali na udongo usio na rutuba, ambako huishi mimea inayonasa wadudu. Airisi ni walafi. Wanataka tope lenye chakula.

Na piti yenyewe iachwe ilipo. Kwa miaka mingi wakulima wa bustani wa Ulaya walinunua mifuko ya udongo huo mweusi wa mabwawa ya kale ili kulainisha udongo wao, na maagizo ya zamani ya bustani ya kinamasi bado yanautaja. Piti huchukua maelfu ya miaka kujikusanya, na imefungia ndani yake kaboni ambayo ikichimbwa hurudi angani. Wasomaji wa Kongo wanaijua habari hii kwa karibu: mwaka 2017 wanasayansi walichapisha ramani ya piti ya bonde la kati la Mto Kongo, kilomita za mraba zipatazo 145,500, ikikadiriwa kuhifadhi tani bilioni 30 za kaboni. Mboji ya majani yaliyooza inafanya kazi ile ile, na inatengenezwa nyuma ya nyumba bila gharama.

Shimo, plastiki na matundu

Mwenye chemchemi hana haja ya kujenga. Beth Chatto, aliyeanzisha bustani yake mwaka 1960 huko Elmstead Market, Essex, mojawapo ya sehemu kavu kabisa za Uingereza, alikuwa na bonde dogo lenye mfereji uliolishwa na chemchemi. Aliuzuia mfereji huo, maji yakawa mabwawa, akapanda kingo zake. Mumewe, Andrew, alitumia maisha yake kuchunguza mimea ya bustani huota wapi katika asili yake, na kutokana na utafiti huo Beth alishika kanuni moja hadi kufariki kwake mwaka 2018: mmea upewe mahali panapofanana na kwao. Wageni wanaona hapo hapo kwa mama mmoja bustani ya changarawe isiyonyweshwa kabisa na bustani ya maji iliyojaa majani mapana, hatua chache kutoka moja hadi nyingine.

Wasio na chemchemi huchimba. Chagua mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, mbali na mizizi ya miti mikubwa, na kama kuna sehemu ya chini ambako maji ya mvua hukimbilia yenyewe, hapo ndipo. Usifanye kidogo sana. Kinamasi chenye ukubwa wa beseni hukauka kwa siku mbili za jua kali na utakuwa mtumwa wa mpira wa maji.

Tuchukue shimo la urefu wa mita 3, upana wa mita 2 na kina cha sentimita 60. Udongo utakaotoka ni mita za ujazo 3.6, na uzito wake unapita tani 5, kwa hiyo tafuta mapema pa kuuweka, maana karibu wote utarudi. Karatasi ya kutandika, ile nzito ya mpira au plastiki inayotumika kwenye mabwawa ya samaki, hupimwa hivi: urefu wa shimo jumlisha kina mara mbili, kisha upana jumlisha kina mara mbili. Hapa tunapata mita 4.2 kwa 3.2. Ongeza kidogo kwa ajili ya kingo, iwe 4.5 kwa 3.5. Haina haja ya kuwa mpya. Karatasi ya bwawa lililovuja inafaa kabisa.

Inafaa kwa sababu hatua inayofuata ni kuitoboa. Hapa ndipo watu husita, na wengine huiruka hatua hii wakidhani wanaokoa maji. Karatasi isiyo na tundu inageuza shimo kuwa ndoo: mvua za baridi zinajaa, oksijeni inakwisha, na ile harufu ya yai viza inafika kabla ya maua. Choma kwa uma wa bustani, ukiacha takriban mita 1 kati ya mchomo na mchomo. Mwaga juu yake changarawe au kokoto, unene wa sentimita 8 hivi, ili tope lisizibe matundu. Kokoto zisiwe za mawe ya chokaa, utaona sababu hivi punde. Wengine hulaza juu ya kokoto mpira wa maji uliotobolewa tobolewa, ncha ya chini imezibwa na ya juu imeachwa nje ya udongo, ili kiangazi maji yaingizwe moja kwa moja kwenye mizizi. Ni kazi ya nusu saa, na kwa bustani ya ukubwa huu ningeifanya bila kufikiri mara mbili.

Rudisha udongo ukichanganya na mboji nyingi, ukitoa kila mzizi wa gugu unaoonekana, kwa sababu magugu ya kudumu yakishashika kwenye tope hayang'oki bila kung'oa na ulichopanda. Kata kingo za karatasi zibaki sentimita chache chini ya usawa wa ardhi, maji ya mvua kubwa yapate pa kutokea pembeni. Usishindilie. Mwagilia mpaka udongo ushibe, uuache wiki mbili tatu utulie, kisha upime: ingiza mkono hadi kifundo, toa konzi moja, uikamue. Yakidondoka matone machache, pako tayari. Maji yakitiririka hata baada ya siku kadhaa bila mvua, ongeza matundu. Kisipotoka kitu, ongeza mboji na uangalie kama karatasi haikupasuka wakati wa kufukia.

Sasa kuhusu chokaa. Maji ya bomba ya London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki mwa Uingereza ni magumu, yamepita kwenye miamba ya chokaa. Ukinyweshea kinamasi maji hayo kiangazi chote, udongo unapoteza asidi yake kidogo kidogo, na madini ya chuma yaliyomo yanajifunga kiasi kwamba mizizi haiyapati. Dalili ni jani jipya lililogeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ndiyo ile airisi ya tatu iliyodumaa. Tiba ni pipa chini ya bomba la paa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo paa la mita za mraba 50 linaweza kukupa karibu lita 500 kwa mvua moja ya milimita 10.

Airisi, kuanzia ukingo mkavu hadi majini

Duniani kuna spishi zipatazo 300 za airisi, zote asili yake ni kaskazini mwa ikweta. Zinazohusu kinamasi ni chache, na zinapangika vizuri kwa kiasi cha maji.

Ukingoni, mahali pabichi lakini palipoinuka, ni pa Iris sibirica. Majani yake membamba husimama wima kama nyasi ndefu, shina hufika sentimita 60 hadi 100, maua hutoka Mei na Juni, na haijali sana chokaa. Haipendi kuzama. Aina ya Caesar's Brother, ya zambarau iliyokolea, ilizalishwa Kanada miaka ya 1930 na bado haijapitwa. Butter and Sugar, nyeupe yenye petali za chini za njano, ni kazi ya Currier McEwen, daktari aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha New York. Alianza kuzalisha airisi akiwa amepita miaka 50, akaendelea huko Maine, Marekani, hadi uzeeni, na aliishi miaka 101. Jirani wa sibirica ni Iris chrysographes kutoka Yunnan na Sichuan nchini China, yenye aina zinazokaribia weusi kabisa na michirizi ya dhahabu kwenye petali. Huyu hataki kukaukiwa kiangazi hata wiki moja.

Ukishuka kidogo unakutana na Wajapani, na hapa inafaa kusimama, maana ndipo watu wanapochanganya na ndipo fedha nyingi zinapopotea. Japani ina airisi tatu zinazofanana kwa mbali: ayame, kakitsubata na hanashobu. Ayame, Iris sanguinea, ni ya ardhi isiyotuama maji. Kakitsubata, Iris laevigata, huishi ndani ya maji yenyewe, hata ya kina cha sentimita 10 juu ya mizizi, na ndiyo aliyoichora Ogata Korin kwenye pazia zake za dhahabu mwanzoni mwa karne ya 18. Hanashobu, Iris ensata, ndiyo kubwa na yenye fahari kuliko zote, ua moja likiweza kupita upana wa kiganja kilichokunjuliwa, na ndiyo inayotaka unyevu wa wastani.

Namna ya kuzitofautisha iko wazi ukiinama. Tazama mzizi wa petali ya chini, pale inapoingia kooni mwa ua. Ukiona wavu wa mishipa, ni ayame. Mstari mweupe, ni kakitsubata. Alama ya njano, ni hanashobu. Kama maua yameshakwisha, pitisha kidole katikati ya jani: la hanashobu lina mshipa ulioinuka unaokwaruza ncha ya kidole, la kakitsubata ni laini moja kwa moja. Kibandiko kikiwa kimepotea kitaluni, kidole hicho kitakuokolea ua.

Hanashobu imefugwa Japani kwa karne kadhaa. Matsudaira Sadatomo, mtumishi wa serikali ya Edo (mji ambao leo ni Tokyo) aliyefariki mwaka 1856, alitumia miongo mingi kuzalisha aina mpya, na kazi yake ndiyo msingi wa nyingi zilizopo leo. Zikatokea koo tatu. Za Edo zilichaguliwa kwa ajili ya bustani, mtu aione akipita. Za Higo, eneo ambalo leo ni Kumamoto, zilikuzwa kwenye vyungu ili ziingizwe ndani na kutazamwa kwa utulivu, kwa hiyo maua yake ni makubwa na mazito, na mvua ya upepo huyavunja. Za Ise, eneo jingine la Japani, zina petali laini zinazoning'inia. Kwa bustani ya wazi nchini Uingereza au Uholanzi, ningemshauri mtu achukue za Edo.

Picha za bustani za Japani zimewapoteza wengi. Zinaonyesha hanashobu zimesimama ndani ya maji mwezi Juni, na msomaji anahitimisha kwamba ni mmea wa majini. Kumbe viwanja hivyo hujazwa maji kwa msimu wa maua, ambao ni msimu wa mvua za huko, kisha maji huondolewa. Hanashobu inataka kunywa sana kuanzia machipuko hadi maua yaishe, na majira ya baridi inataka kulala pasipo maji juu ya shina lake. Ikilala majini wakati wa barafu, inaoza. Hiyo ndiyo sababu ya kuyapa yale matundu uzito wote huo, na sababu ya kuipanda juu ya kituta kidogo ndani ya kinamasi, sentimita chache juu ya sehemu yenye maji zaidi. Inataka udongo wa asidi kiasi, pH ya 5.5 hadi 6.5, na chakula kingi. Usiipe unga wa mifupa, una kalisi, madini yale yale yaliyomo kwenye chokaa.

Kutoka Amerika Kaskazini inakuja Iris versicolor, ya buluu, ngumu, inayovumilia tope na maji ya kina kifupi. Tangu 1999 ni ua rasmi la jimbo la Quebec, na kwa wenzetu wanaoishi Kanada hakuna chaguo la uhakika zaidi. Waliosoma takwimu au ujifunzaji wa mashine tayari wanalijua jina lake pamoja na setosa na virginica: yale maua 150 ambayo mwanatakwimu Ronald Fisher alichapisha vipimo vyake mwaka 1936, na ambayo hadi leo wanafunzi hufundishia kompyuta kutofautisha. Vipimo vilichukuliwa na mtaalamu wa mimea Edgar Anderson, sehemu yake katika rasi ya Gaspé huko huko Quebec. Zote tatu ni airisi za ardhi mbichi, na zote tatu zitakaa vyema kwenye kinamasi.

Kusini zaidi, katika mabwawa ya Louisiana, kuna kundi lenye rangi ambazo wengine hawana. Iris fulva ni ya shaba nyekundu, na huchavushwa na ndege wavumaji. Kundi hili lilimsumbua John K. Small wa Bustani ya Mimea ya New York, aliyetangaza makumi ya spishi mpya katika miaka ya 1920 na 1930. Baadaye ikabainika kuwa nyingi ni chotara wa spishi chache zilizokutana kwenye kingo za mito. Airisi za Louisiana hupenda joto, hivyo Uingereza huota majani mengi na maua machache, lakini kusini mwa Ulaya na majimbo ya kusini ya Marekani ndizo za kwanza kufikiriwa.

Mwisho ni airisi ya njano, Iris pseudacorus, asili ya Ulaya. Inafika mita moja na nusu, huota hata kwenye maji ya kina cha sentimita 30, na uwezo wake wa kula virutubisho umeifanya itumike kwenye vinamasi vya kusafisha majitaka. Ni nzuri kando ya bwawa kubwa. Kwenye shimo letu la mita 3 kwa 2 itakula kila kitu, kwani ndiyo ile ya nne iliyotanda. Mbegu zake huelea na kusafiri na maji. Majimbo kadhaa ya Marekani yameiweka kwenye orodha ya magugu hatari, na Afrika Kusini nayo imeipiga marufuku.

Ndugu zangu mnaoniuliza kama mnaweza kupeleka vipande vyake nyumbani, Limuru au Lushoto, jibu langu ni hapana. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini likapokelewa Afrika kama ua la mapambo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wavuvi wa Ziwa Victoria wamelipa gharama yake. Mmea wenye rizomu ngumu na mbegu zinazoelea haupaswi kukaribia mto wowote unaoingia ziwani. Isitoshe, sibirica huhitaji majira ya baridi ya kweli ili itoe maua. Anayetaka umbo la airisi katika nyanda za juu anayo Dietes iridioides, jamaa wa ukoo mmoja mwenye maua meupe yenye alama za njano na buluu, ambaye ni mzawa wa Afrika Mashariki.

Kupanda na kugawa

Vaa glavu, maana utomvu wa airisi huwasha ngozi, na uwaweke mbali watoto na mbwa wanaotafuna. Panda majira ya kuchipua au mara baada ya maua, sibirica kina cha sentimita 3, hanashobu sentimita 5. Katikati ya mashada tia primula za Kijapani, astilbe au kangaga wa kifalme, wanafunika ardhi na kuzuia jua lisikaushe tope. Koa watakuja, hasa kwa machipukizi ya kwanza. Watoe kwa mkono jioni.

Hanashobu huotesha mizizi mipya juu ya ile ya zamani kila mwaka, hivyo shada hujiinua lenyewe kutoka ardhini na kila baada ya miaka mitatu au minne lazima lichimbuliwe na kugawanywa. Kata majani hadi nusu, tenganisha kwa kisu, tupa sehemu ya katikati iliyozeeka, na panda vipande vya pembeni mahali papya, kwa sababu wakuzaji wazoefu hawairudishi kwenye udongo ule ule. Sibirica huvumilia muda mrefu zaidi, hadi utakapoona duara tupu katikati ya shada.

Kwa anayeanza na fedha kidogo, ningesema anunue sibirica tatu za aina moja na hanashobu moja. Sibirica zipande ukingoni, zitakupa maua hata ukikosea maji. Hanashobu ipande kitutani uiangalie kwa mwaka mzima: ikivuka baridi ya kwanza na kuchipua kijani kisicho na manjano, kinamasi chako kimekaa sawa na unaweza kuongeza nyingine.